Mikono ya Ravindra

Leodegar Mbena alianza kuichukia mikono ya Ravindra mwezi wa pili, asubuhi ile alipoiona ikifungua saa ya mteja bila kutetemeka.

Leodegar alikuwa fundi saa. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye kibaraza cha duka la Ravindra, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nyuma ya kimeza chenye kioo, bisibisi zake nyembamba zimepangwa kama meno ya kitana. Ravindra aliuza saa ndani, Leodegar alizitengeneza nje. Kodi ya kibaraza hakutozwa. Badala yake alifungua duka asubuhi, akalilinda mchana Ravindra alipopanda ghorofani kula, na akazihudumia bure saa za dukani zilizorudishwa zimekufa. Hawakuwa watu wa kutembeleana majumbani, lakini kila mmoja alijua mwenzake anatia sukari vijiko vingapi.

Ugonjwa uliwakuta wote wawili, wakipishana mwaka mmoja tu. Ulikuwa baridi yabisi, ile inayovamia viungo na kuvila polepole. Ulianza kwa Ravindra, kisha Leodegar naye akaanza kuamka na vidole vilivyovimba na kukakamaa, kushika mswaki kukawa kazi. Ravindra ndiye aliyemwelekeza kwa daktari wake, bingwa wa viungo mwenye kliniki karibu na Posta. Vidonge vya kwanza alivyoandikiwa Leodegar vilikuwa vya bei nafuu, ila vilimchoma ini, daktari akavisimamisha. Akamwandikia vingine vipya, vilevile alivyokuwa akimeza Ravindra: viwili kwa siku, kila siku, maisha yote.

Dirishani kwenye duka la dawa binti alimtajia bei, Leodegar akamwomba arudie. Vidonge vya mwezi mmoja vilikuwa sawa na kodi ya miezi minne ya chumba chake cha Ilala. Akaomba akatiwe pakiti moja ya vidonge kumi. Tangu siku hiyo akawa anameza kimoja badala ya viwili, na wiki ambazo wateja walikuwa haba akaruka siku. Daktari alimwambia kwamba nusu dozi ni kama kuzima moto kwa kumwagia maji pembeni. Leodegar aliitikia kwa kichwa, akatoka, akaenda kununua pakiti nyingine moja.

Ravindra hakuruka hata siku moja. Na mwezi wa pili ulipofika, vidole vyake vilikuwa vimenyooka.

Hilo peke yake Leodegar angelimeza. Lakini Ravindra, ambaye miaka yote alikuwa akijua kuuza tu, alishajifunza ufundi kwa kuinamia bega la Leodegar na kuuliza hiki ni nini na kile ni nini. Sasa akaanza kufungua saa mwenyewe, palepale kaunta. Mteja akileta saa ya kubadilishwa betri, Ravindra alishaimaliza kabla Leodegar hajabana kioo chake cha kukuzia jichoni. Kisha akaanza za kusafisha. Kisha zile za kujaza kwa funguo, za zamani, ambazo mji mzima watu walizileta kwa Leodegar kwa jina. Alifanya kwa furaha, kama mtoto aliyepona homa na kuruhusiwa kucheza, bila hata kufikiri kwamba anamnyang'anya mtu kitu. Leodegar aliona ni afadhali angefanya kwa ubaya.

Akawa anamtazama. Alijua jinsi Ravindra anavyoshika kibano, alijua kidole kipi kinatangulia, kwa sababu ni yeye aliyemfundisha. Skrubu ndogo kama mbegu ya mchicha, ambayo yeye sasa aliiangusha mara tatu kabla ya kuingia, Ravindra aliitia tundu lake huku akiongea na simu. Ile ni mikono ya kununua, Leodegar alijiambia. Angekuwa na pesa za Ravindra, na yeye angekuwa na mikono kama ile.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Ravindra hakulijua. Mwaka uliopita aliwahi kumuuliza Leodegar anamudu vipi dawa ghali namna ile. Leodegar, kwa aibu, akajibu haraka kwamba mwanawe Shukuru kamweka kwenye bima ya afya ya watumishi, yeye anasaini tu na kupewa. Ravindra akampa hongera. Ikawa hivyo.

Ukweli ni kwamba Shukuru, mwalimu wa shule ya msingi huko Tabora, alikuwa na bima kweli. Kadi yake ilimbeba yeye, mkewe na wategemezi wanne. Watatu walikuwa wanawe. Nafasi ya nne alimpa mama mkwe wake, Chiku, kwa kuwa Chiku alikuwa na kisukari na presha, na wakati ule baba yake Shukuru hakuwa anaumwa kitu. Leodegar alipougua alimwambia mwanawe kwamba ni maumivu ya uzee tu. Alitaka Shukuru aulize zaidi. Shukuru hakuuliza zaidi, na Leodegar akaliweka hilo moyoni.

Siku moja mwezi wa tatu, akiwa amepanga foleni ya wanaolipa taslimu kwenye duka la dawa la hospitali moja mjini, alisikia mtu akimwita.

"Mkwe! Na wewe uko huku?"

Alikuwa Chiku, kajitanda khanga mpya, mfuko wa dawa mkononi, akitoka dirisha la bima. Alikuwa amesaini karatasi na kuondoka bila kugusa pochi. Leodegar alikunja cheti chake cha dawa akakitia mfukoni, akasema amekuja kumtazama mgonjwa. Chiku akamwombea mgonjwa huyo apone. Akaanza kumsifu Shukuru, mtoto wetu Mungu amzidishie, halafu akalalamika kwamba kati ya dawa tano alizoandikiwa mbili hazimo kwenye orodha ya bima, itabidi azinunue nje. Leodegar hakuzisikia zile mbili. Aliziona tatu zilizokuwa kwenye mfuko wa Chiku. Alimtazama mwanamke yule akiondoka na mwendo wake wa kuridhika. Kiti kile kwenye kadi ya Shukuru kilikuwa changu, alifikiri. Mimi ndiye niliyemsomesha.

Hakununua dawa siku hiyo. Alirudi Kariakoo kwa miguu.

Mchana ule Ravindra alipanda kula, akamwachia duka kama kawaida. Leodegar aliingia ndani kutafuta betri. Alipovuta droo ya kaunta aliliona boksi. Jina la dawa lilikuwa lilelile alilolijua, ila boksi lilikuwa la rangi nyingine, na pembeni lilikuwa na maandishi ya Kihindi. Ndani mlikuwa na pakiti sita. Alijua Ravindra anaacha dozi ya jioni dukani kwa sababu hufunga akiwa amechelewa. Alisimama pale kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Kisha akatoa pakiti moja, akaitia kwenye mfuko wa shati, akarudi kibarazani na kukaa.

Baada ya wiki moja akachukua nyingine.

Akivichanganya na vya kununua, kwa mara ya kwanza tangu augue alimeza viwili kwa siku, asubuhi na jioni. Uvimbe ulianza kulegea. Asubuhi moja aliweza kufunga kamba za viatu mwenyewe, akakaa kitandani akilitazama lile fundo kwa muda mrefu. Mkewe Matilda alifariki miaka sita nyuma, na tangu ugonjwa uanze hakukuwa na mtu wa kumfungia. Alikuwa amezoea kuvaa kandambili.

Ravindra aliishiwa dawa mwisho wa mwezi. Mwanawe Manan, aliyekuwa akisafiri kwenda Ahmedabad kila baada ya miezi minne kununua bidhaa za duka, ndiye aliyemletea, na safari hii Manan alikwama huko kwa sababu ya mzigo. Siku ya tano vidole vya Ravindra vilivimba tena. Siku ya saba aliiangusha saa ya mteja, kioo kikapasuka sakafuni.

Leodegar aliiokota saa ile, akaibadilishia kioo, akaurekebisha mshale uliopinda. Mikono yake haikutetemeka sana. Mteja, mzee mmoja wa Mtaa wa Mkunguni, alimwambia kwamba mafundi wa kweli hawajaisha Kariakoo. Leodegar alifurahi. Alifurahi vibaya, furaha iliyomfanya amgeukie Ravindra aone kama kasikia. Ravindra alikuwa amesikia. Alikuwa amekaa kwenye stuli, ameshika kikombe cha chai kwa viganja viwili kama mtoto, na aliangalia pembeni.

Kesho yake Ravindra alishuka akiwa na mkewe. Shobhana alimshika kiwiko hadi kwenye stuli, akagundua kwamba kifungo kimoja cha shati la mumewe kimeachwa, akainama akakifunga. Alifanya bila kufikiri, huku akiongea mambo mengine. Leodegar aliyaona hayo akiwa nje, na ingawa yeye ndiye aliyekuwa na vidole vizuri siku hiyo, wivu ulimkaba upya. Hata akiumwa, mtu huyu ana wa kumfunga vifungo.

Ndipo Shobhana alipotoka kibarazani.

"Fundi, samahani nakusumbua," alisema. "Dawa za baba Manan zimeisha kabla ya siku zake, sijui tulihesabu vibaya. Nimezunguka Posta nzima, yale maduka mawili yanayoiuza yameishiwa. Manan anarudi Jumanne. Wewe si unapewa ileile na bima? Tuazime ya siku tatu nne tu. Akija tutakurudishia mara mbili."

Ile pakiti ya pili ilikuwa mfukoni mwake, imebaki na vidonge sita. Leodegar alifungua mdomo aseme kwamba na zake zimeisha. Neno lilikuwa tayari. Lakini Ravindra alikuwa anamtazama kutoka ndani, na hakuwa na sura ya mtu anayeshuku. Alikuwa na sura ya mtu anayeona haya kuomba. Leodegar aliijua sana sura ile. Miaka miwili aliivaa yeye kila alipofika dirishani na kusema nikatie pakiti moja.

Aliitoa ile pakiti akaiweka juu ya kioo cha kimeza.

Shobhana alishukuru kabla ya kuitazama. Kisha akaigeuza, akayaona yale maandishi ya Kihindi mgongoni. Aliingia ndani, akaiweka mbele ya mumewe. Ravindra naye akaisoma.

"Nenda juu, mama Manan," alisema taratibu.

Shobhana alipanda. Leodegar aliingia akasimama upande wa pili wa kaunta, mahali wanaposimama wateja.

"Ni hii tu?" Ravindra aliuliza.

"Mbili."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Ravindra alikuwa mtu wa kupima swali. Mwishowe akasema, "Sijui." Halafu akakunja uso, kama mtu anayekumbuka kitu. "Lakini wewe una bima."

"Sina bima. Sijawahi kuwa nayo."

Leodegar alimweleza yote, kuhusu kadi ya Shukuru, nafasi nne na Chiku, na nusu dozi. Alieleza akiangalia saa za ukutani, ambazo zote zilikuwa zikienda kwa sababu yake. Alipomaliza, Ravindra alitoa pumzi ndefu puani, akasema jambo ambalo Leodegar hakulitegemea.

"Mwaka mzima nimekuonea wivu wewe. Mimi kila dawa ikikaribia kuisha silali, nafikiria Manan atapata tiketi, atapita salama uwanja wa ndege, cheti cha daktari kipo au hakipo. Biashara ikianguka na dawa imekwenda. Nakuona wewe unasaini tu. Nikajisemea, mwanawe mwalimu amemzidi mwanangu mfanyabiashara."

Akaendelea, sasa kwa uchungu wa aina nyingine. Alikuwa na dada yake, Megha, aliyeolewa Leicester miaka mingi iliyopita. Ugonjwa ulikuwa wa ukoo, na Megha naye alikuwa nao. Huko Uingereza sindano ililetwa hadi mlangoni kwake kwenye boksi la barafu, na hakutoa hata senti. Na bado kila Jumapili alipiga simu kulalamika kwamba alingoja miezi kumwona daktari. Ravindra alisema akimaliza kuongea naye hukata simu akiwa na hasira hadi jioni.

Leodegar alisikiliza, kisha akauliza swali lililokuwa likimkereketa tangu alione lile boksi. Kule India zinauzwaje? Ravindra akamwambia. Leodegar alikokotoa kichwani. Pesa aliyokuwa akitakiwa kutoa hapa kwa mwezi mmoja ingenunua vidonge vya miezi mitano kule. Dawa ileile, imetengenezwa na watu wengine kwa jina jingine.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya hasira, ingawa yeye ndiye mwizi.

"Nilijua unapewa bure. Ungesema huna, ningekuambia." Ravindra akaongeza, "Labda."

Ravindra alimeza kidonge kimoja kati ya vile sita, Leodegar akarudi nje.

Hakufukuzwa. Alichofanya Ravindra kilikuwa kidogo, na kiliuma zaidi. Tangu siku hiyo, alipopanda kula mchana, alivuta geti la chuma akalifunga kwa kufuli. Miaka ishirini na sita geti lile lilikuwa wazi mchana. Wauza mikanda wa jirani walimuuliza Leodegar kulikoni, akasema ni mambo ya usalama, mji umeharibika. Chai ya saa nne, ambayo Shobhana alikuwa akiishusha vikombe viwili, ikawa inashuka kimoja.

Katika wiki hizo Leodegar alimpigia simu Shukuru na kumwambia ukweli. Mwanawe akauliza kwa sauti ndogo kwa nini hakumwambia tangu mwanzo. Akasema ataangalia uwezekano wa kumtoa mama mkwe na kumweka yeye, na Leodegar alisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa mazito kwake, akajua upande wa pili wa simu kuna mke anayesikiliza. Alimwambia angoje kwanza.

Alikwenda mwenyewe dirisha la bima kuuliza. Karani, kijana mpole, aliitafuta dawa ile kwenye kompyuta. Akamweleza kwamba kwa kadi ya namna hiyo haitolewi hivi hivi, inahitaji kibali maalumu, na wengi wanaoomba hurudishiwa majibu ya kukataliwa. Leodegar alimshukuru, akatoka akaketi kwenye benchi la nje. Miezi yote ile alimchukia Chiku kwa kiti ambacho hata angekalia yeye kisingemfikisha popote. Alijiona kama mtu aliyeibiwa hata wivu wake. Akampigia Shukuru, akamwambia amwache mama mkwe wake alipo. Shukuru alilia kidogo. Mwisho wa mwezi alimtumia pesa kwa simu, si nyingi, na tangu hapo hakuacha.

Wiki ya tano Ravindra alitoka kibarazani, akasimama akiangalia magari.

"Safari hii Manan anaondoka mapema, tarehe ishirini," alisema bila kumgeukia. "Lete cheti cha daktari chenye jina lako, na pesa mkononi. Sitaki kuanza kukudai."

Leodegar aliuza televisheni na jokofu dogo, akaongeza na pesa ya Shukuru, akampa Manan. Boksi lilikuja katikati ya mwezi wa sita. Lilikuwa na jina lake kwenye risiti. Alipopewa, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupeleka jicho kwenye boksi la Ravindra, lililokuwa kaunta, aone lipi kubwa. Yalikuwa sawa. Hata hivyo alilitazama mara ya pili.

Dawa ilimsaidia, ingawa ilichelewa. Daktari alimwonyesha picha ya mfupa na kumweleza kwamba miaka ya nusu dozi imeacha alama: vidole viwili vya mkono wa kulia havitanyooka tena. Maumivu yaliondoka, uvimbe ukaisha, lakini vile viwili vilibaki vimepinda kuelekea kidole gumba, kama vinataka kumnong'oneza kitu. Ravindra alianza dawa mapema na hakupungukiwa. Vyake vilikuwa vimenyooka kama vya kijana. Leodegar alijua sasa kwamba tofauti ile ni ya kudumu, na kulijua hakukumpunguzia wivu.

Mwezi wa nane, mchana mmoja, Ravindra alipanda kula na hakuvuta geti. Leodegar alikaa akiligeuzia mgongo lango lile wazi, hakuingia ndani hata kuchukua betri, hadi Ravindra aliposhuka.

Siku chache baadaye alikuja mwanamke anayeuza viatu Mchikichini. Alileta saa ya kike ya funguo, ndogo kuliko sarafu, ya marehemu mama yake. Alisema alielekezwa kwa fundi Leodegar. Leodegar alibana kioo jichoni, akaifungua. Springi yake nyembamba kama unywele ilikuwa imejikunja. Alijaribu kuinyanyua kwa kibano. Kile kidole kilichopinda kikagusa gurudumu. Alipumzika, akajaribu tena, kikagusa tena. Mara ya tatu angeikata, alijua hilo vizuri. Mwanamke alikuwa amejiegemeza kwenye kimeza, akimtazama kwa imani yote.

Leodegar aliifunika saa, akamrudishia.

"Mpelekee huyo ndani," alisema. "Mkono wake umetulia kuliko wangu."

Mwanamke alisita, akasema aliambiwa ni yeye. Leodegar akamwambia aende tu, mwambie nimekutuma mimi, ataijua. Kisha akainuka, akavuka mtaa hadi kwa muuza kahawa, akakaa akiwa ameligeuzia duka mgongo. Baada ya muda alisikia yule mwanamke akicheka kwa furaha nyuma yake, na sauti ya Ravindra ikimweleza namna ya kuijaza funguo kila asubuhi, kwa maneno yaleyale ambayo Leodegar huwaambia wateja wake. Kahawa ilikuwa chungu. Alikunywa akaimaliza, akaagiza kikombe kingine, akangoja hadi mwanamke akaondoka.